Kompyuta za Makorora hazimo kwenye hesabu

Kaunta ya duka lile la vifaa vya ujenzi, mtaa wa Makorora hapa Tanga, ni ya mbao iliyosuguliwa na viganja mpaka ikang'aa. Juu yake kuna mizani ya misumari, daftari la madeni na kompyuta ya mezani ambayo mwenye duka aliinunua ikiwa imeshatumika. Ina Windows 7, kumbukumbu ya gigabaiti mbili, na kibodi iliyofutika herufi A. Ndani yake umo mfumo wangu wa mauzo na stoo. Niliuandika mimi, nikauweka mimi, na Jumamosi moja asubuhi nikauvunja mimi mwenyewe.

Nilikwenda na flashi yenye toleo jipya. Mama mwenye duka alikuwa anampimia mteja misumari ya inchi nne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini leo?"

Nikamwambia nimeleta toleo jipya, lenye ile ripoti ya mwisho wa mwezi aliyokuwa akiniomba tangu Ramadhani. Akanipisha kitini. Kisakinishi kikafuta toleo la zamani, kikaweka jipya, kikasema kimemaliza. Nikabofya kufungua. Katikati ya skrini kikatokea kisanduku kikidai kwamba programu haiwezi kuanza kwa kuwa faili la api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll halimo kwenye kompyuta. Nikabofya tena, kisanduku kilekile. Nikazima kompyuta nikaiwasha, kilekile. Mlangoni alisimama kijana na mkokoteni wake, mabati yameshapakiwa, anasubiri risiti tu. Nikamtazama mama, mama akanitazama, kisha akavuta daftari, akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika kwa mkono. Hakunigombeza. Toleo la zamani lililofungashwa sikuwa nimelitunza popote. Ilinibidi nirudi Chumbageni, ninakofanyia kazi, nikaliunde upya, na duka likaandika kwa mkono siku mbili nzima.

Kilichotokea kina maelezo mafupi. Programu haisimami peke yake. Mfumo wangu umeandikwa kwa lugha ya Python. Ripoti zake zinatengenezwa na maktaba ya pandas, yaani msimbo ulioandikwa tayari na watu wengine, nami nautumia ndani ya wangu. Pandas inaegemea maktaba nyingine iitwayo NumPy. Na Python yenyewe inakaa juu ya Windows. Vyote hivyo ni vitegemezi, na kila kimoja kina watu wake wanaoamua kitabeba nini na kitaacha nini. Python 3.8 ndilo toleo la mwisho linalokubali Windows 7. Toleo la 3.9, lililotoka Oktoba 2020, linaanzia Windows 8.1. Kanuni yao iko wazi: toleo jipya la Python hubeba zile Windows ambazo Microsoft bado inazihudumia siku toleo hilo linapotoka, na Microsoft ilifunga kitabu cha Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Agosti 2023 ikatoka pandas 2.1, nayo ikaiacha Python 3.8. Oktoba 2024 Python 3.8 yenyewe ikafika mwisho wa kuzibiwa matundu ya usalama. Mimi nilitaka pandas mpya kwa ajili ya ile ripoti, nikapanda hadi Python 3.11, nikafungasha, nikajaribu kwenye kompyuta yangu yenye Windows 10, ikafanya kazi vizuri, nikatia flashi mfukoni.

Katika mnyororo huo wote hakuna aliyefanya jambo kwa siri. Kila tarehe ilitangazwa mapema, nyingine miaka kabla. Ila zilitangazwa kwangu. Mama wa Makorora hasomi matangazo ya pandas wala hapaswi kuyasoma. Wa kumfikishia habari nilikuwa mimi niliye katikati, kati ya wanaotengeneza vitegemezi huko waliko na wanaouza saruji hapa Tanga, na sikumfikishia.

Kwa hiyo naliuliza swali hili nikiwa mahali pale pa katikati: chombo cha programu kiache lini kubeba vitegemezi vya zamani? Mara nyingi watu wakilijadili wanabishana juu ya umri. Mmoja atasema miaka mitatu inatosha, mwingine atasema mitano, wa tatu atasema mpaka mtumiaji wa mwisho ahame. Naamini umri ni kipimo kibovu kwetu. Nitasema kwa nini, lakini kwanza niwape haki yao wanaoutumia, maana wana hoja nzito.

Mwaka 2019 watu wa NumPy waliandika kanuni iitwayo NEP 29. Inasema maktaba za kisayansi za Python zibebe matoleo ya Python yaliyotoka ndani ya miezi 42 iliyopita, na matoleo ya NumPy yaliyotoka ndani ya miezi 24. Hakuna kubishana, hakuna kubembelezana, kalenda inasema. Anayeona kanuni hii ni ya kikatili ajaribu kwanza kupiga hesabu ya kazi yenyewe. Chukua matoleo manne ya Python, mifumo endeshi mitatu na matoleo matatu ya maktaba moja tu unayoitegemea. Hiyo ni michanganyiko 36, na kila badiliko dogo unalofanya kwenye msimbo linatakiwa lipimwe katika yote 36 ndipo useme kwa haki kwamba linafanya kazi. Ongeza toleo moja la zamani la Python, umeongeza michanganyiko tisa kwa mkupuo. Na wengi wanaoibeba kazi hiyo ni watu wa kujitolea, wanaifanya usiku baada ya ajira zao.

Ndani ya msimbo wenyewe gharama inaonekana hata kwa macho. Kwenye mfumo wangu kulikuwa na mistari mitatu inayouliza: kama toleo la pandas ni la chini ya kiwango fulani, soma tarehe kwa njia hii, vinginevyo soma kwa njia ile. Niliiandika mwaka ambao maduka mawili yalikuwa bado na pandas ya zamani. Maduka yale yalihama, mistari ikabaki. Kila nilipofika hapo nilisita, sikumbuki tena inamlinda nani, naogopa kuifuta. Mistari ya namna hiyo ikifika mia, programu inakuwa nyumba ambayo kila mlango una kufuli na funguo hazijulikani ni za wapi.

Hata Linux, mfumo endeshi unaosifiwa kwa kubeba mashine kongwe, ilifika hapo. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye prosesa ya Intel 386. Desemba 2012 prosesa hiyohiyo iliyoizaa ikaondolewa kwenye kiini cha Linux, kwa sababu viraka vilivyowekwa kwa ajili yake vilikuwa vinawatesa waliokuwa wakiandika sehemu zinazohusu kompyuta zenye prosesa nyingi. Miaka 21 ilitosha.

Siwalaumu basi wanaoacha. Ninachokipinga ni sisi wa katikati kuchukua ile miezi 42 kama ilivyo na kuileta Makorora. Kanuni ile iliandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi na intaneti mchana na usiku, ambao kusasisha kwao ni amri moja wanayoiandika wakati chai inachemka. Hapa kusasisha ni kumkuta fundi, kununua bando, na kuifunga kompyuta wakati wateja wamesimama.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya umri, nalo ni takwimu. Mtengenezaji akitaka kujua kama toleo la zamani bado linatumika, hutazama idadi ya watu walioipakua maktaba yake kwa kila toleo la Python. Ikionekana toleo la zamani limeshuka hadi asilimia chache, analiacha kwa moyo mweupe. Tazama sasa hesabu hiyo inahesabu nini. Inahesabu upakuaji. Seva za kampuni kubwa zinazopima programu hupakua maktaba ileile upya kila zinapopima, mara nyingi kwa siku, na aghalabu kwa matoleo mapya. Kompyuta ya Makorora haijapakua kitu chochote tangu nilipoifikia na flashi. Mfumo ule niliupakua mara moja, Chumbageni, kisha nikauweka kwenye maduka sita ya hapa mjini, mashine ya kusaga moja ya Pongwe na duka la pembejeo la Muheza. Kwenye takwimu sisi wote ni mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mimi, mwenye Windows 10. Wale wanane waliobaki hawapo. Kadiri mtu anavyokuwa mbali na intaneti, ndivyo anavyokuwa na uwezekano mkubwa wa kutumia toleo la zamani, na ndivyo anavyozidi kutoonekana kwa anayehesabu. Kosa la hesabu hiyo linaelemea upande mmoja siku zote.

Wapo waliohesabu vizuri, na mfano wao naupenda sana. Let's Encrypt ni taasisi ya Marekani isiyo ya faida inayotoa bure vile vyeti vinavyozipa tovuti alama ya kufuli kwenye kivinjari. Cheti chao mzizi, yaani kile kinachodhamini vyeti vyao vingine vyote, kiitwacho ISRG Root X1, hakikujulikana na simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1, kwa hiyo kwa miaka walikuwa wanaegemea cheti cha kampuni nyingine, IdenTrust, ambacho kingeisha tarehe 30 Septemba 2021. Novemba 2020 walitoka hadharani wakasema: kwa takwimu tulizonazo, asilimia 33.8 ya simu za Android ni za chini ya 7.1, na muda ukifika tovuti nyingi hazitafunguka humo. Theluthi nzima ya simu! Nyingi za aina hiyo ndizo zilizokuwa zikizunguka kwetu, zimepita mikono miwili mitatu kabla ya kufika Ngamiani, hapa mjini.

Ingekuwa rahisi kusema watu wanunue simu mpya. Hawakuishia hapo. Waligundua kwamba Android haikagui tarehe ya kuisha ya cheti mzizi kilichomo ndani yake. Wakaafikiana na IdenTrust, cheti kikasainiwa upya kwa miaka mitatu zaidi, na simu zile zikaendelea kufungua tovuti kana kwamba hakuna lililotokea. Miaka mitatu ile haikupita bure, maana simu zilizokitambua cheti chao zilipanda kutoka asilimia 66 hadi 93.9. Ndipo wakatangaza kwamba safari hii hawataongeza muda tena, na tarehe 30 Septemba 2024 daraja lile likaisha.

Sifa yao kwangu haiko kwenye ile miaka mitatu. Iko kwenye utaratibu: walijua wanaoachwa ni nani, wakatafuta njia ya kuwavusha, wakaweka mwisho, wakausimamia. Kuongeza muda bila hayo mengine ni kuahirisha tu. Python 2 ni ushahidi. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ilipangiwa kuishia 2015. Mwaka 2014, ilipoonekana watu hawajahama, tarehe ikasogezwa hadi 2020. Kwa ninavyoona, kilichowahamisha watu hakikuwa ile miaka mitano ya nyongeza. Watu walihama pale miradi mikubwa ilipokubaliana kwa pamoja kwamba mwisho wa kubeba Python 2 ni 2020, na zilipotengenezwa njia za kuwashusha waliobaki pasipo kuwaumiza.

Njia moja inastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa ni ndogo na ilibadilisha mambo. Zamani mwenye Python 2 akiomba maktaba fulani, alipewa toleo jipya kabisa hata kama haliwezi kufanya kazi kwake, linasakinishwa, linavunjika. Novemba 2016 likatoka toleo la 9 la pip, chombo cha kusakinishia maktaba za Python, likaanza kusoma tamko lililo ndani ya kila maktaba linalosema inahitaji Python ipi. Kuanzia hapo mwenye Python ya zamani akiomba maktaba, anapewa toleo la mwisho linalomfaa. IPython 6.0, chombo cha kuandikia Python, ilipoiacha Python 2, Aprili 2017, ilitumia njia hiyo, Django 2.0, chombo cha kutengenezea tovuti, nayo ikaitumia Desemba mwaka huohuo, huku Django 1.11 ikiendelea kuzibiwa matundu ya usalama hadi Aprili 2020 kwa ajili ya waliobaki. Ni mstari mmoja kwenye faili la maelezo. Mtumiaji hata hajui kwamba kuna mlango umefungwa, kwa sababu hakuusukuma.

Sisi watu wa Tanga tulishapita kwenye jambo la namna hii kabla ya wengi nchini. Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analogia ya televisheni tarehe 31 Desemba 2012. Sisi na Dodoma tukafuata tarehe 31 Januari 2013. Nakumbuka sebule ya jirani yetu, televisheni ile yenye mgongo mrefu imewashwa, inaonyesha chenga tupu, na wanawe wamekaa mbele yake wanasubiri. Wiki ile neno lililosikika kila mahali lilikuwa king'amuzi. Na hapo ndipo jambo lile lilipofanywa vizuri: televisheni kongwe haikutupwa. Kisanduku kidogo kilisimama kati ya mawimbi mapya na runinga ya zamani, kikatafsiri, na mgongo mrefu ukaendelea kuonyesha mpira. Kilichouma ni kwamba gharama ya kisanduku ilimwangukia mtazamaji, wala haikuwaangukia wote sawa. Wapo mtaani kwetu waliokaa miezi na chenga. Tarehe ilijulikana, daraja lilikuwepo, lakini nauli ya kuvukia hawakuwa nayo, na kwao daraja lilikuwa kama halipo.

Sitaki nieleweke kwamba kila cha zamani kibebwe. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la zamani la njia ya Windows ya kushirikishana mafaili, kikafunga kompyuta za hospitali za umma za Uingereza hadi wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimeshatoka Machi, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimesasishwa, na Microsoft ililazimika kutoa kiraka cha dharura hata kwa Windows XP iliyokuwa imeshaachwa tangu Aprili 2014. Kompyuta kongwe iliyounganishwa kwenye mtandao inaweza kuwachoma na wenzake. Kama mfumo wangu ungekuwa wa chama cha akiba na mikopo, wenye seva inayopokea watu kutoka nje, ningeiacha Windows 7 siku ileile ilipoachwa na mwenyewe, na ningeomba radhi baadaye. Kompyuta ya Makorora haijaunganishwa popote. Hatari yake ipo, na inaingilia kwenye flashi, nami mwenye flashi nina wajibu wa kuikagua; lakini haiwezi kulinganishwa na ya seva. Kuziamulia zote mbili kwa kalenda moja ni uvivu wa kufikiri.

Desemba 2021 lilipogundulika tundu kubwa la Log4j, maktaba ya Java ya kuandikia kumbukumbu za matukio, watengenezaji wake walikuwa wameshaacha kubeba Java 6 na Java 7 kwa miaka. Wangeweza kusema tulishawaambia. Walirudi nyuma wakatoa toleo la 2.12.2 kwa wenye Java 7 na 2.3.1 kwa wenye Java 6. Waliweza kurudi kwa sababu njia ya kurudia ilikuwepo: matoleo ya zamani yalikuwa yametunzwa, mtu anaweza kuyafungua, akaziba, akafunga. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka ile Jumamosi. Mimi sikuwa na pa kurudi. Duka lingeandika kwa mkono dakika ishirini badala ya siku mbili kama ningekuwa na nakala moja kwenye flashi ileile.

Basi kipimo changu ni hiki. Kubeba kitegemezi ni ahadi, na ahadi ya programu ina maana moja tu: nimeipima, najua inafanya kazi. Kompyuta yangu ya mwisho yenye Windows 7 ilikufa diski miezi mingi kabla ya ile Jumamosi, na sikununua nyingine. Tangu siku ile nilikuwa sina tena namna ya kujua kama mfumo wangu unafanya kazi Makorora. Na bado kwenye karatasi ya maelekezo niliacha maneno yaleyale, "inafanya kazi kwenye Windows 7 na kuendelea". Nilikuwa nimeshaiacha Windows 7, ila sikumwambia mtu, hata mimi mwenyewe sikujiambia. Hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote za kuacha, na ndiyo inayotumika sana, kwa sababu haihitaji uamuzi. Siku uwezo wa kupima unapokwisha, ndiyo siku ya kuacha au ya kutafuta mashine nyingine ya kupimia. Haijalishi kitegemezi kina miaka miwili au kumi na miwili.

Kinachofuata kinategemea anayeachwa ana pa kusimama au hana. Na hapa nimejifunza kutazama vitu ambavyo hapo awali sikuviona ni vya suala hili.

Kosa langu kubwa la siku ile, kwa mfano, halikuwa kuhamia Python 3.11. Kosa lilikuwa kisakinishi kufuta kabla ya kuuliza. Kingeuliza kwanza, "hii ni Windows gani?", kikaona ni 7, kikasema kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba toleo hili haliwezi kukaa hapa na lililopo limeachwa kama lilivyo, mama angeendelea kupima misumari yake na kijana wa mkokoteni angeondoka na risiti. Siku hizi kinauliza. Ilinichukua chini ya saa moja kukiandika.

La pili ni vitu vinavyobadilishwa na dunia ya nje. Toleo linaloachwa linapaswa kuweza kuishi peke yake, bila fundi kulitembelea. Nilipolifungua la zamani kwa macho hayo nikakuta kiwango cha VAT, asilimia 18, nimekiandika ndani ya msimbo wenyewe. Serikali ikibadilisha kiwango kesho, duka linatoa risiti zenye makosa na halina njia ya kujirekebisha. Nikakitoa humo, nikakiweka kwenye ukurasa wa mipangilio. Nikafanya vivyo hivyo kwa anwani ya duka, ukubwa wa karatasi ya risiti, na orodha ya vipimo: kilo, futi, mfuko, roli. Ndipo nikalifunga kuwa toleo la mwisho la Windows 7, nikatunza nakala tatu, moja ikiwa kwenye flashi inayokaa kwenye droo ya mama.

Pale Ngamiani kuna fundi baiskeli mwenye kopo la gololi, ekseli na spoku za baiskeli ambazo hazitengenezwi tena. Watu humtolea mfano wakitaka kusema tusitupe vya zamani. Namheshimu, lakini kazi yake na yangu hazifanani. Spoku ya zamani ikikaa kwenye kopo inabaki kuwa spoku, na barabara ya Ngamiani ni ileile. Programu haiozi yenyewe, ila vilivyo chini yake na pembeni yake vinahama, na kuifanya isimame palepale kunahitaji mtu wa kuisogeza kila siku. Mtu huyo anachoka. Lazima tuseme na hilo.

Mwenzangu mmoja tunayegawana naye ofisi ananiona nasumbuka bure. "Wanunue kompyuta mpya, kaka. Utabembeleza mpaka lini?" Hoja yake naielewa, maana hakuna anayetulipa kila mwezi kwa ajili ya kubeba mzigo huu. Lakini kwa duka la namna ile kompyuta ni mtaji. Ni mifuko ya saruji ambayo haitakuwepo stoo msimu wa ujenzi ukifika. Na jibu la "wanunue" haliishi hapo. Windows 10 nayo ilifika tarehe yake, 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa za karibuni na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ambavyo kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa hapa mjini hazina. Anayemwambia mama anunue leo, amwambie anunue ipi, na aseme itabebwa mpaka lini. Asiye na jibu la sehemu ya pili hajatoa ushauri.

Nilikwenda Makorora wiki iliyopita na karatasi moja tu. Niliandika kwamba baada ya tarehe 30 Juni sitaleta matoleo mapya kwenye kompyuta hii. Kwamba lililomo litaendelea. Kwamba likiharibika nitalirudisha kutoka kwenye flashi ya kwenye droo. Kwamba makosa ya hesabu yakionekana nitayarekebisha mpaka mwisho wa Desemba. Mama alivaa miwani, akaisoma yote polepole, akarudia mstari wa pili.

"Sasa hii iliyomo, risiti itaendelea kutoa?"

"Itaendelea, mama."

"Na stoo itahesabu?"

"Itahesabu."

"Ila ile ripoti yangu ya mwezi ndiyo sitaipata."

"Kwenye kompyuta hii hutaipata, mama."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaiendea kalenda ya ukutani, akaizungushia 30 Juni kwa kalamu nyekundu, akaniuliza kompyuta ya kuifaa ripoti ile ni ya aina gani, akaniambia nimwandikie jina lake nyuma ya karatasi ileile.